Mbacha na Msala

Usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii hutajwa sana Pwani pale mtu anapoonekana kukitupa cha zamani kwa kuvutwa na kipya, na aghalabu husemwa kwa sauti ya kukataza, kana kwamba mbacha umetukuzwa kwa uchakavu wake. Lakini aisikilizaye vyema ataona kwamba uzito wake umewekwa katika neno la mwisho. Msala haulaumiwi kwa upya wake wala kwa uzuri wake. Unatiliwa shaka kwa kuwa unapita, na mwenyewe yumo njiani nao. Swali ambalo methali inamwachia msikilizaji ni hili: kati ya vitu viwili hivi, kipi kitakuwapo kesho, mtu atakapotafuta pa kukaa?

Mwaka 2023 swali hilo lilimkaba mwenye banda moja la video huko Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, mahali ambapo pengine methali yenyewe haitajwi, kwani lugha ya nyumbani ya wengi ni Kisukuma. Jambo lililombidi aliamue lingeweza kumpata mtu yeyote mwenye runinga sebuleni, awe Unguja au Mombasa, Muscat au London. Je, aiache runinga yake ambayo bado nzima, anunue nyingine yenye picha ya ubora wa juu kabisa, ile inayoandikwa 4K kwenye maboksi ya madukani? Tofauti ni kwamba sebule yake yeye iliingia watu hamsini, na kila mmoja wao alilipa mlangoni.

Msomaji wa visiwani atakayetaka kufika Mwakitolyo itambidi avuke bahari hadi Dar es Salaam, apande basi kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, kisha ashike njia ya Solwa. Ni katika ukanda uleule wa dhahabu wenye migodi mikubwa ya Geita, iliyoanza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu, iliyofuata mwaka 2001. Mwakitolyo lakini ni jina la wachimbaji wadogo. Huko shimo la kuchimbia huitwa duara, magogo yanayozuia kuta zake zisiporomoke huitwa matimba, na mashine ya kusagia mawe huitwa karasha. Mchanga uliokwisha kuoshwa ukabaki na chembe za dhahabu huitwa marudio, nao una wanunuzi wake. Habari ya dhahabu kuonekana mahali papya huitwa rashi. Rashi ikitokea kwingine, wapangaji wa vyumba, wauza chipsi, mama ntilie na vinyozi hufunga virago wakawafuata wachimbaji, na mtaa uliokuwa na kelele Jumatatu huweza kuwa kimya Jumapili.

Mwenye banda huyu alishuka duarani kwa miaka tisa kabla vumbi halijamshika kifua. Alipoacha, akajenga banda la mabati kwa pande tatu na turubai kwa upande wa nne, akaweka mabenchi sita, na runinga ya inchi 43 yenye picha ya HD kamili. Bara mabanda ya namna hiyo huitwa vibanda umiza, na aliyewahi kukaa saa mbili juu ya ubao wenye upana wa kiganja, huku goti la jirani likimchoma ubavuni, hatauliza asili ya jina. Kiingilio chake kilikuwa shilingi 500 kwa filamu na 1,000 kwa mechi kubwa. Kwa miaka kadhaa fedha hiyo ililisha nyumba na kulipa ada za watoto watatu.

Ndipo baa iliyo upande wa pili wa barabara ilipoleta runinga ya inchi 65, ya 4K, ikaitundika ukutani. Haikutoza kiingilio, ilitosha mtu anunue soda moja. Vijana waliorudi kutoka huko walisema kwamba mtu huona hata jasho shingoni mwa mchezaji. Mwenye banda alikwenda Kahama kuuliza bei, akatajiwa shilingi 1,900,000. Muuza duka, kijana mwenye adabu, alimwambia: "Mzee, ukishaizoea hii, hiyo ya zamani utaiona kama imetiwa ukungu." Fedha hiyo hakuwa nayo. Alikuwa na mke aliyekuwa mwanachama wa kikoba, na kikoba kingeweza kumkopesha, ikiwa mke angekubali kusimama mbele ya wenzake na kutaja sababu.

Ili kuelewa kilichokuwa kikiuzwa, yafaa kwanza kuelewa picha ya runinga inavyoumbwa. Picha hiyo hufumwa kwa nukta ndogo ndogo za mwanga, kama mkeka unavyofumwa kwa ukindu. Diski za VCD, zilizoenea Afrika Mashariki kabla ya DVD, zilikuwa na nukta 352 kwa upana na 288 kwa kimo, yaani nukta 101,376. DVD ikaleta 720 kwa 576, jumla nukta 414,720. HD kamili ni 1920 kwa 1080, jumla 2,073,600. Hii ya 4K ni 3840 kwa 2160, jumla 8,294,400, nayo ni mara nne kamili ya HD. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulitoa vipimo vyake mwaka 2012. Pamoja na wingi wa nukta, vipimo hivyo vilipanua mawanda ya rangi, na runinga bora za aina hii huonesha weusi ulio mweusi zaidi na weupe unaong'ara zaidi. Faida hiyo ya pili, tofauti na ile ya nukta, huonekana hata kwa aliyekaa mbali. Si haki basi kusema kwamba kitu chenyewe ni hadaa.

Lakini runinga ni mdomo tu. Swali la pili ni chakula. Mechi zilizomfikia mwenye banda kwa king'amuzi zilikuja kwa HD na si zaidi. Filamu alizonunua kwenye flashi, kwa vijana wa mjini wenye kompyuta, zilikuwa zimebanwa ili nyingi zienee mahali padogo. Nyingine zilikuwa zimetoka katika VCD za zamani, zikanakiliwa mara baada ya mara. Runinga ya 4K ikipewa picha ya namna hiyo, huzikisia nukta zinazokosekana na kujaza mapengo. Ni kama mpishi aliyefikiwa na wageni wengi ghafla akaongeza maji kwenye mchuzi: bakuli litajaa, lakini nyama ni ileile. Chakula chenyewe cha 4K kipo. Kipo katika diski za UHD Blu-ray, zilizoingia sokoni mwaka 2016, na katika huduma za intaneti kama Netflix, ambayo hueleza kwamba saa moja ya picha hiyo huweza kula hadi gigabaiti 7. Kwa filamu ya saa mbili hiyo ni gigabaiti 14, na mwenye kununua vifurushi vya simu Mwakitolyo anajua maana ya hesabu hiyo kabla hajaimaliza.

Swali la tatu ni jicho. Jicho zima la mwanadamu hutenganisha vitu viwili iwapo pembe iliyo kati yao haipungui kiasi cha sehemu moja ya sitini ya digrii. Ikipungua hapo, viwili huonekana kimoja. Kwa hiyo kila runinga ina umbali ambao, ukishavukwa, nukta zake hazionekani tena moja moja, na kuziongeza hakumletei mtazamaji kitu. Kwa runinga ya HD ya inchi 43, umbali huo ni kiasi cha mita 1.7. Kwa ya inchi 65, HD hufikia kikomo chake kwenye mita 2.6 hivi, na 4K kwenye mita 1.3. Maana yake ni kwamba anayekaa mbele ya runinga ya inchi 65 kwa umbali unaozidi mita 2.6 hana njia ya kujua kwa jicho lake kama nukta ni milioni mbili au milioni nane.

Kijana mmoja wa sekondari, aliyekuwa likizo na aliyeipenda fizikia, ndiye aliyemweleza mwenye banda habari hii. Wakachukua kamba, wakaifunga fundo kila mita moja kama wapimao kina cha duara, wakaivuta kutoka kwenye kioo hadi nyuma. Benchi la kwanza lilikuwa mita mbili, la pili tatu, na la sita saba. Ikawa wazi kwamba katika banda lake hapakuwa na hata mtu mmoja aliyekaa karibu kiasi cha kuzimaliza nukta alizokuwa nazo tayari. Runinga mpya ingelifaa benchi la kwanza, nalo kwa sehemu tu, na mara nyingi benchi hilo hukaliwa na vijana wasiochelea shingo kuuma. Waliobaki wangelipia mkopo wa kitu wasichoweza kukiona.

Hata hivyo vijana wa baa hawakuwa waongo. Waliona zaidi kweli, na sababu kubwa ilikuwa ukubwa wa kioo. Kioo cha inchi 65 ni kikubwa kwa mara moja na nusu kuliko cha inchi 43, kwa kimo na kwa upana. Dukani mambo haya mawili hayatenganishwi, kwa kuwa runinga kubwa za siku hizi karibu zote ni za 4K, na mnunuzi hurudi nyumbani akisifu nukta kwa kazi iliyofanywa na kipimo. Mwenye banda alipolitambua hilo aliiangalia kamba tena. Kama benchi la nyuma lingesogezwa kutoka mita saba hadi tano, picha ileile ingekuwa kubwa machoni kwa karibu mara moja na nusu. Kreti za soda na meza ya tiketi zilikuwa zimekula ubavu mzima wa banda bila sababu. Zikitolewa nje, mabenchi sita yangeenea katika safu nne.

Hadi hapo ilikuwa hesabu. Kilichoigeuza hesabu hiyo kuwa jambo jingine ni uchunguzi alioufanya kwa juma moja, akisimama mlangoni baada ya kila onesho na kuwauliza watokao kitu gani hakikuwaridhisha. Alitarajia wamwambie kwamba hawakuona vizuri. Waliosema hivyo hawakuzidi wachache. Jibu lililorudiwa, na zaidi na waliokaa nyuma, lilikuwa neno moja: "Sikusikia."

Walichokuwa hawakukisikia ni sauti ya mfasiri. Kwa msomaji asiyezijua filamu hizi, yafaa kueleza. Tangu zama za kanda za VHS, Tanzania imekuwa na watu wanaozichukua filamu za Hong Kong, India, Marekani au Nigeria na kuzisimulia upya kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa kubwa kwa kazi hiyo. Kenya wanaye DJ Afro, ambaye sauti yake inajulikana na kila konda wa matatu, na Uganda yuko VJ Jingo, anayefanya kazi hiyo kwa Kiganda. Wajapani walikuwa na jambo hilo mapema zaidi. Zama za filamu bubu, msimulizi wao aliyeitwa benshi alisimama kando ya kitambaa na kuwasemea waigizaji wote, na watu wakachagua jumba la sinema kwa kutazama nani anasimulia.

Mfasiri wa filamu haridhiki na kuhamisha maneno. Humpa mhusika jina linalotamkika, humweleza mtazamaji kwamba huyu aliyeingia ni shemeji wa yule aliyeuawa, humkemea mwizi, humhurumia mjane, na mji wa ugenini huufananisha na mji ambao msikilizaji ameupitia. Wapo wanaomlaumu kwa kuongeza chumvi, na lawama hiyo ina haki yake, kwani mara nyingine huzidisha, mara nyingine hupotosha, na pengine hakujua lugha ya filamu hata kidogo. Lakini wachimbaji wa Mwakitolyo, ambao miongoni mwao wamo Wasukuma, Waha, Wakurya na Wahaya, hawana lugha nyingine ya kucheka pamoja isipokuwa Kiswahili, na usiku filamu hiyo ndiyo inayowakalisha katika kicheko kimoja. Kwao picha bila mfasiri ni watu wanaokimbizana.

Watu wa Pwani hawana sababu ya kulionea ajabu jambo hili. Wazee wa Mji Mkongwe waliokwenda Majestic, jumba lililofunguliwa mwaka 1955 mahali pa Royal ya mwaka 1921 baada ya ile ya kwanza kuteketea kwa moto, walizitazama filamu za Kihindi bila wengi wao kukijua Kihindi. Aliyejua kidogo alimnong'oneza jirani, jirani akampasia wa pili, na kisa kikaenea safu hadi safu. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Zanzibar ikapata televisheni ya rangi iliyoitangulia sehemu kubwa ya Afrika, ilhali Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Rangi ilishangiliwa, na ilistahili kushangiliwa. Lakini aliyezitazama filamu za zamani zisizo na rangi akalia, hakurudi kuyadai machozi yake baada ya rangi kuja.

Wapenzi wa ushairi wanao mfano ulio karibu zaidi. Tungo nyingi za kale za Kiswahili zilihifadhiwa kwa hati za Kiarabu, na hati hizo, kwa namna zilivyotumiwa zamani, hazikuwa na njia ya kutenga vyema baadhi ya sauti za Kiswahili: e na i ziliandikwa kwa alama moja, o na u vivyo hivyo, na b ilibeba p pia. Kwa lugha ya leo ingesemwa kwamba zilikuwa na nukta chache. Msomaji alilijaza pengo kwa sikio lake, kwa vina, kwa mizani na kwa kumbukumbu ya alivyousikia utungo ukisomwa. Kazi ya wanakili kama Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyeziandika tungo za Muyaka katika karne ya 19, inathaminiwa hadi leo kwa kuwa nyuma ya maandishi alikuwapo mtu aliyezijua sauti. Wataalamu waliofuata waliongeza alama ili herufi zitengane, na kazi yao ilikuwa na manufaa makubwa. Waliongeza uwazi pale palipokuwa na utata wa kweli. Alama ambayo msomaji haihitaji, au ambayo jicho lake halifiki kuiona, haizidishi maana hata kwa nukta moja.

Kwa kipimo hicho utata wa banda la Mwakitolyo ulikuwa masikioni. Spika ilikuwa moja, nayo imepasuka, na ng'ambo ya turubai makarasha mawili yalikuwa yakisaga mawe hadi saa nne usiku. Mfasiri alipopandisha sauti alisikika. Aliposhusha, na wafasiri hodari hushusha sauti pale penye siri ya kisa, akamezwa. Mama mmoja ntilie, aliyezoea kuja akiwa amechelewa na kukaa nyuma kabisa, alieleza kwamba kwa mwezi mzima alikuwa akiwauliza wenzake asubuhi filamu ziliishaje, ilhali alizitazama hadi mwisho.

Mwenye banda alilileta jambo hili nyumbani akiwa bado na tamaa ya kioo kikubwa, na hakuificha. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza swali ambalo muuza duka hakulifikiria wala kijana wa fizikia: "Baba watoto, rashi ikitokea kwingine, kioo hicho kitapandaje pikipiki?" Hakujibu. Alikwisha kuhama mara mbili tangu aanze biashara. Mara zote mbili mabati yalipakiwa juu ya mkokoteni, mabenchi yakauzwa, na runinga ya inchi 43 ikasafiri imefungwa godoro na kupakatwa na mtoto mkubwa. Kioo cha inchi 65 ni chembamba na kipana, na njia za machimboni zina mashimo. Mkopo wa kikoba nao haupasuki kioo kinapopasuka. Mke aliongeza, bila ukali, kwamba watakaomdai ni wanawake anaokutana nao kisimani kila siku.

Hapo ndipo neno upitao linapopata maana isiyofikiriwa na wengi. Pwani mtu huketi mahali pamoja na msala ndio upitao mbele yake. Machimboni mwenye mbacha naye yumo njiani, na kila anachokimiliki hupimwa kwa kuuliza kama kinabebeka. Spika hubebeka, na amplifaya pia. Hata kujua namna ya kupanga mabenchi hubebeka, na hilo halina uzito wowote.

Mkopo ulioombwa mwishowe ulikuwa shilingi 600,000. Zilinunuliwa spika mbili na amplifaya, na kifaa cha kudhibiti umeme unaopanda na kushuka, kwani umeme huo ulikwisha kuua deki mbili. Sehemu nyingine ilitengwa kwa ajili ya kibali, maana Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya mwaka 1976, inamtaka mwenye kuonesha filamu kwa umma awe nacho, na kwa muda mrefu alikuwa akiishi kwa kukwepa. Suala la haki za wenye filamu halikutatuliwa kwa fedha hiyo. Kazi nyingi za wafasiri zilifanywa pasi na idhini, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, haitofautishi kati ya aibisha picha kwa mwanga mdogo na kwa mwanga mwingi. Runinga yoyote ile isingemsafisha.

Kreti zilitolewa nje. Mabenchi yakapangwa safu nne kwa umbo la upinde, na safu mbili za nyuma zikainuliwa juu ya viroba vilivyojazwa mchanga, ambao Mwakitolyo haununuliwi. Spika zikatundikwa moja huku na moja huku, zikielekea nyuma. Turubai lililokuwa likiingiza jua la alasiri likaongezwa gunia jeusi. Gunia hilo, ambalo halikugharimu kitu, liliifanya picha iwe nyeusi penye weusi kuliko ilivyopata kuwa, kwa kuwa hata runinga bora haiwezi kuonesha giza katika chumba chenye jua.

Si kwamba alipata yote. Siku za mechi banda lilibaki nusu tupu. Mpira hauhitaji mfasiri kwa namna ileile. Vijana wana macho makali na soda ni rahisi. Baa iliwachukua na haikuwarudisha. Mapato ya mechi yalipungua kwa zaidi ya nusu, na kwa mwezi mmoja mzima mkopo ulilipwa kwa kuuza mbuzi. Yeyote atakayesema kwamba busara humlipa mwenye nayo papo hapo hajawahi kukaa na daftari la kikoba. Lakini usiku wa filamu waliongezeka watu ambao zamani hawakuja: wazee, wanawake waliomaliza kufunga vibanda vyao, wasaga mawe waliotoka zamu wakiwa na masikio mazito. Mama ntilie yule aliacha kuuliza asubuhi filamu ziliishaje. Mkopo ulikwisha baada ya miezi minane badala ya sita.

Runinga ya inchi 43 itakufa siku moja, kama zilivyokufa deki. Siku hiyo mwenye banda atarudi Kahama na kukuta kwamba kila kioo cha kumfaa ni cha 4K, kwa bei iliyoshuka, na atakinunua bila kushauriana na mtu, kwani msala ulioacha kupita huwa umekuwa mbacha. Rafuni patakuwa na kingine juu yake. Tayari ipo 8K, yenye nukta 7680 kwa 4320, zaidi ya milioni 33, na muuza duka atamwonesha kwa adabu ileile. Mwenye banda hatakuwa na haja ya kubishana naye. Atakuwa na kamba yake yenye mafundo, na atajua kwamba jibu linapatikana kwa kwenda kukaa kwenye benchi la nyuma, filamu ikiwa inaendelea, na kusikiliza.